Ujifungulie wapi? Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au rufaa: ulinganisho kwa familia za Dodoma

Mimba ikishatimiza miezi saba, kila mtu nyumbani huwa na hospitali yake. Mama mkwe anasema zahanati ya kijiji imezalisha ukoo mzima. Mume kasikia kwamba General, hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna madaktari bingwa. Wifi wa Area C anasema njoo usubirie kwangu, ukishikwa tu tunapanda bajaji. Mwenye tumbo lake anawaza nauli, watoto atakaowaacha na palizi ya uwele ambayo haitamngoja. Wote wana hoja, na ndiyo maana familia nyingi hufika mwezi wa tisa hazijaamua, mpaka uchungu uanze usiku wa manane na kila mtu ashike simu kutafuta usafiri.

Hapa nalinganisha sehemu nne ambazo mama wa mkoa huu anaweza kujifungulia: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya (nikiziweka humo na za mashirika ya dini), na hospitali za rufaa zilizopo mjini. Nyumbani sijapaweka. Mkunga wa jadi anaweza kupokea watoto wengi salama, lakini hana sindano ya kukaza kizazi, hana damu ya kuongeza, na mtoto asipolia hana kifaa cha kumpumulisha. Kazi yake ipo na ni ya maana: kumsindikiza mama, kumkanda mgongo, kumpikia uji wa kutosha arobaini nzima.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ni muda. Watu huuliza kilomita, na Dodoma kilomita hudanganya. Kilomita 30 za lami ya barabara ya Morogoro ni nusu saa. Kilomita 30 zenye makorongo mawili mwezi Januari zinaweza kuwa usiku kucha, au zisipitike kabisa mpaka maji yapungue. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo mama yuleyule anaweza kuhitaji jibu moja kama anatarajia Agosti na jibu jingine kama anatarajia Februari. Muda una uzito kwa sababu mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili tu. Kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, humwachia muda mrefu kidogo. Damu haimwachii.

Cha pili ni upasuaji na damu ya kuongeza. Kati ya kila wajawazito 100, takriban 15 hupata tatizo linalohitaji msaada zaidi ya uzazi wa kawaida, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote kliniki.

Cha tatu ni huduma ya kichanga, na hiki ndicho husahauliwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka 63 hadi 81 kwa kila 100. Lakini vichanga wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza walitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 wakafika 24. Mama amesogezwa mbali na hatari, mtoto bado yupo karibu palepale. Kwa hiyo usiulize tu "wanapasua?" Uliza pia mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu atalala wapi.

Cha nne ni fedha, na cha tano ni jinsi mama atakavyopokelewa na nani ataruhusiwa kuwa naye. Hiki cha tano wataalamu hukiona kidogo. Mimi nakihesabu, maana mama aliyetukanwa leba hatarudi kwa mimba ijayo, na atawasimulia wenzake kisimani.

Zahanati ya kijiji

Muda: hapa zahanati haina mpinzani. Unatembea, au bodaboda ya dakika chache. Mkunga anakufahamu na kadi yako ameijaza yeye mwenyewe tangu hudhurio la kwanza.

Upasuaji na damu: hakuna. Kilichopo, dawa zikiwepo, ni sindano ya kukaza kizazi mara tu mtoto anapotoka, dozi ya kwanza ya magnesiamu kwa mwenye kifafa cha mimba, na dripu ya kumshikilia mgonjwa wakati usafiri unatafutwa. Hiyo dozi ya kwanza imeokoa watu wengi ambao hadithi yao inaishia kusifiwa hospitali kubwa.

Kichanga: mkunga mwenye mfuko na kinyago cha kupumulisha, aliyezoea kuvitumia, anaweza kumwamsha mtoto asiyelia ndani ya dakika ile ya kwanza, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Lakini oksijeni ya siku tatu, au mtoto njiti, ni rufaa.

Fedha: sera ya serikali ni kwamba huduma ya uzazi kwenye vituo vya umma ni bila malipo. Hata hivyo jiandae na khanga safi, pamba, glavu, mpira wa kulalia na vibana kitovu, kwa sababu kabati la zahanati huwa linaisha kabla ya mwezi.

Mapokezi: mara nyingi ni mazuri kuliko kokote. Shida yake ni kwamba mhudumu anaweza kuwa mmoja tu. Akienda semina mjini wiki uliyotarajia kujifungua, zahanati inabaki jengo. Muulize mapema ni nani atakuwepo.

Inamfaa mama wa mimba ya pili hadi ya nne aliyezaa salama huko nyuma, mwenye damu ya kutosha, presha nzuri, mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, na njia ya kutokea inayopitika usiku.

Kituo cha afya

Hapa pana mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Vituo vya afya havifanani. Kuanzia 2017 serikali ilijenga na kukarabati vingi ili viweze kupasua, vikapewa majengo ya upasuaji na wodi za wazazi. Baadhi vinapasua kweli, usiku na mchana. Vingine jengo linang'aa lakini mtaalamu wa usingizi kahama, au jokofu la damu lipo na damu haipo. Ukiangalia rangi ya ukuta hutajua.

Uliza maswali matatu, na uyaulize kwa muuguzi wa wodi ya wazazi badala ya mgambo wa getini: mara ya mwisho kumpasua mama hapa ilikuwa lini? Usiku anayetoa usingizi analala wapi? Damu ya kuongeza ipo leo? Akijibu haraka, umepata kituo. Akianza kueleza mipango ya mwaka ujao wa fedha, hesabu hapo kama zahanati kubwa.

Muda: kwa kawaida kituo cha afya kinahudumia kata au zaidi, hivyo kipo kati ya kijiji na wilaya. Upasuaji na damu: kama ilivyoelezwa, inategemea kituo. Hata kisichopasua kinatakiwa kuweza kutoa kondo lililogoma, kumsafisha mama ambaye mimba imeharibika, na kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta.

Kichanga: joto, oksijeni ya muda, na sehemu ya mama kangaruu, ambapo mtoto njiti hufungwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Njia hiyo haihitaji mashine ghali. Inahitaji nafasi, na muuguzi anayeiamini.

Fedha na mapokezi havitofautiani sana na zahanati, isipokuwa ndugu watahitaji nauli na mahali pa kupikia.

Kinamfaa mama wa mimba ya kwanza asiye na tatizo lolote, na mama wa uzao wa tano na kuendelea, mradi majibu ya maswali yale matatu yameridhisha.

Hospitali ya wilaya na za mashirika ya dini

Kongwa, Mpwapwa na Kondoa zina hospitali ambazo watu wamezizoea kwa miaka mingi. Chamwino ina Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa baada ya fedha za sherehe za Uhuru za 2018 kuelekezwa huko. Ukanda wa Mvumi una hospitali ya Kanisa Anglikana iliyoanzishwa na wamisionari, na pale Dodoma mjini masista wana St. Gemma.

Muda: kwa aliyepo makao makuu ya wilaya ni rahisi. Kwa aliyepo pembezoni mwa Bahi karibu na mbuga, au vijiji vya Chemba vilivyo mbali na barabara kuu ya Arusha, safari yenyewe ndiyo hatari. Huyo asihesabu hospitali ya wilaya kama mahali pa kukimbilia uchungu ukianza. Aihesabu kama mahali pa kufikia kabla haujaanza.

Upasuaji na damu: hiki ndicho kiwango cha kutegemewa. Daktari, chumba cha upasuaji, maabara ya kupima kundi la damu. Hata hivyo ndugu wawili wenye afya waandamane na mama wakiwa tayari kuchangia. Chupa iliyotumika leo lazima irudishwe na mtu.

Kichanga: zaidi ya kituo cha afya, kuna chumba cha watoto wachanga, ingawa wauguzi wa kukihudumia ni wachache.

Fedha: za serikali zinafuata sera ileile ya bila malipo. Za mashirika ya dini hutoza, isipokuwa pale zilipoingia makubaliano na halmashauri au mama ana bima inayopokelewa. Piga simu au mtume mtu aulize bei ya kujifungua kawaida na bei ya upasuaji, zote mbili. Familia nyingi huuliza ya kwanza tu.

Mapokezi: hospitali za dini zina sifa ya usafi na kauli nzuri, na kwa sehemu kubwa sifa hiyo zimeihangaikia. Za serikali hutegemea zamu. Nasema hivyo bila kumwonea mtu: mkunga mmoja mwenye akina mama wanane wanaougulia kwa pamoja hana muda wa maneno matamu.

Inamfaa aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, mfupi wa chini ya sentimita 150, msichana wa chini ya miaka 20, aliyekaa miaka 10 au zaidi tangu uzao wa mwisho, na aliyewahi kuzaa mtoto mfu au kuvuja damu nyingi. Kadi ya kliniki ina orodha hiyo na mhudumu huweka alama. Isome. Kadi ni yako, ina siri zako mwenyewe.

Hospitali za rufaa mjini

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita General, na Benjamin Mkapa iliyopo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015.

Muda: mkazi wa Makole, Chang'ombe au Nkuhungu anafika kwa bajaji. Wa Mpwapwa anafika kwa ambulensi, na akifika huwa tayari amechoka.

Upasuaji na damu: saa zote, na bingwa wa uzazi yupo. Mwenye ugonjwa wa moyo, sukari ya mimba isiyotulia au kondo lililotangulia mlango wa kizazi hapa ndipo pake.

Kichanga: wodi maalumu, oksijeni yenye msukumo wa kusaidia mapafu machanga, na daktari wa watoto. Kama ujauzito unaonyesha mtoto atakuja mapema, tofauti kati ya hapa na kwingine ni kubwa, na afadhali asafiri akiwa bado tumboni. Tumbo la mama ndilo linalomsafirisha njiti salama.

Fedha: nauli, malazi ya ndugu, chakula cha mjini. Benjamin Mkapa hupokea zaidi wenye rufaa na wenye bima; ukienda mwenyewe bila karatasi uliza utaratibu kwanza.

Mapokezi: msongamano. Akina mama wawili kitanda kimoja si jambo la kushangaza kwenye hospitali kubwa nchini. Utaonwa na wanafunzi pia. Wengine huogopa kwamba "huko lazima upasuliwe." Upasuaji ni mwingi kwa sababu wenye matatizo wote wa mkoa wanaletwa huko, lakini mama mzima akienda leba anazaa kama alivyozaa bibi yake.

Inamfaa mwenye tatizo linalojulikana. Asiye na tatizo, na anayeishi mjini, naye anaruhusiwa, ila kwa uzazi wa kawaida kituo cha afya kinachofanya kazi kitampa nafasi na uangalizi wa karibu zaidi. Huo ni mtazamo wangu. Wapo wanaoona utulivu wa moyo wa kuwa karibu na bingwa unalipia msongamano, na siwezi kuwabishia.

Chigonela

Baadhi ya hospitali na vituo vina nyumba ya kusubiria, chigonela kama tunavyoiita huku. Mama anahamia hapo wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake, analala, anapika, anapimwa, na uchungu ukija anatembea mpaka leba. Kwa familia ya mbali na barabara mbovu hakuna dawa nzuri zaidi ya hii. Gharama yake haimo kwenye risiti: unga, mkaa, na shamba lisilopaliliwa. Mwanaume anayesema hana nauli ya mke kwenda chigonela Februari ahesabu na nauli ya kukodi gari usiku, kama atalipata. Kabla ya kwenda uliza kama kuna vitanda, maji na mahali pa kupikia, maana zingine zimechakaa.

Damu ya miezi ya mwanzo

Hili halizungumzwi barazani, na linaua. Mama au binti anayetokwa damu mimba ikiwa changa hujificha, akidhani akifika hospitali ataitiwa polisi. Sheria ilivyo ni hivi: Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inafanya utoaji mimba kuwa kosa, adhabu ikifika miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake, 7 kwa mwanamke mwenyewe na 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Hakuna kifungu kinachokataza kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika, iwe imetoka yenyewe au vinginevyo. Huduma hiyo ni sehemu ya huduma za uzazi nchini.

Ukilinganisha: zahanati ni ya kuanzia, kwa dripu na dawa. Kituo cha afya na kuendelea ndipo pa kusafishwa. Ukiona maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu na kuzimia kwa mtu ambaye siku zake zimepita, hata kama damu ya nje ni kidogo, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na huyo apelekwe moja kwa moja panapopasua. Binti wa shule naye ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Shangazi amsindikize, maswali yangoje.

Kwa hali yako

Uko kijijini, uzao wa tatu, kliniki safi, unatarajia Julai: zahanati inatosha. Weka namba ya 115 kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Ni ya bure, ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa hapahapa Dodoma mwaka 2022. Anayepokea hupanga ambulensi, na isipokuwepo karibu huita dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye malipo yake hayatoki mfukoni mwako. Inamhusu pia mama aliyekwisha kujifungua na kichanga.

Mama huyohuyo, ila anatarajia Februari na kuna korongo katikati: ahame mapema, kwa ndugu au chigonela karibu na panapopasua.

Mimba ya kwanza, unaishi mjini: kituo cha afya kilichojibu maswali matatu, au General.

Uliwahi kupasuliwa: usijaribu zahanati hata kama uzao uliofuata ulikuja wenyewe. Kovu likiachia, saa zinahesabika.

Wingi wa damu uko chini ya 11 mwezi wa saba: kunywa vidonge vya madini chuma bila kuruka, upimwe tena kabla ya mwezi wa tisa. Ukiwa chini ya 7 usisubiri tarehe, nenda hospitali sasa.

Kadi imeandikwa "ajifungulie hospitali" na wakubwa wa nyumba wanabisha: muombe mkunga aliyeandika aje, au aitwe mama mkwe kliniki siku ya hudhurio, aelezwe mbele ya presha yenyewe ikipimwa. Ubishi hupungua akisikia kwa mwenye sare.

Na popote utakapojifungulia, usikubali kuruhusiwa kabla ya saa 24 kama mambo yanaruhusu, mrudishe mtoto kuangaliwa ndani ya saa 48 na tena siku ya saba, na akikataa titi, akiwa wa moto au baridi kupita kawaida, au akihema kwa kasi, usingoje tarehe ya kadi.